Majani Niliyohesabu Pembeni ya Muvure

Kamba ilikuwa ya mama, ile anayofungia kuni. Niliikata vipande vinne bila kumuomba, nikavifunga kwenye vijiti vinne, na ile njo ilikuwa kare yangu, mraba wa kuhesabia. Profeseri wa biolojia alikuwa ametupatia kazi ya likizo ya Pasaka. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tano atafute fasi yenye majani, aweke kare ya metre moja kila upande, ahesabu aina za majani zilizo ndani, halafu afanye vile tena ku fasi ingine iliyo tofauti, na aandike kwa nini hesabu hazilingani.

"Musihesabu majani," alisema. "Muhesabu aina. Aina moja, hata ikiwa na majani elfu, ni moja tu."

Kijana mumoja wa nyuma akauliza kama bangi nayo inahesabiwa. Kilasi yote ilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa tayari nawaza ni fasi gani nitahesabu bila muntu kuniona.

Niseme kweli, mimi ni muntu wa haya. Si ile haya ya kupendeza ambayo wamama wanasifu mu harusi. Hii yangu inanisumbua. Nikitumwa kununua chumvi na nikute watu watatu mbele ya butiki, narudia nyumbani na kusema chumvi imeisha. Mambo mengi niliyotaka kusema nimeyaandika tu mu kaye, daftari yangu inayolala chini ya matela ya kitanda. Na hii pia naitoa humo.

Nyuma ya nyumba yetu, upande wa Lushebere, kuko kilima ambacho ni cha wote. Hakuna mwenye kukilima. Watu wanakata huko majani ya kuezekea vibanda, na koko yangu, mama wa papa, anatafuta huko dawa. Lupango ya miti ya miiba inakigawa mara mbili. Upande wa kushoto ni malisho ya ng'ombe wa muzee mumoja ambaye sisi wote tunamuita Papa wa Ng'ombe. Upande wa kulia, ulio karibu na kwetu, zamani ulikuwa na ng'ombe wa muntu mwingine. Mu vita, miaka miwili kabla ya haya ninayoandika, ng'ombe wale walichukuliwa wote siku moja, na mwenyewe hakurudi tena. Tangu pale hakuna hata mbuzi aliyekula upande wa kulia.

Papa wa Ng'ombe alikuwa na ng'ombe kumi na moja. Anavaa bote za mvua hata wakati wa jua, na redio yake imefungwa ku bega na kipande cha mupira. Bibi yake na batoto wanaishi mu kambi ya wakimbizi ya Lushebere, na kila siku ya yenga, ile ya kanisa, anawapelekea maziwa mu bidon ya njano. Kilima kile njo majani yake yote. Kutafuta malisho mengine, njia ya kushuka Sake ni ya hofu, na chini kule, Mubambiro, ni kambi ya wasoda, wale wenye bunduki. Akifukuzwa ku kilima, itabaki tu kuuzisha ng'ombe kwa wenye kuchinja. Hayo nilikuwa nayajua. Kila muntu alikuwa anayajua.

Koko hakuwa anamupenda. Sababu ilikuwa majani. Kuko kajani kadogo kanakotambaa chini, kenye umbo la kwato ya ndama, ambako koko anaponda na kuosha batoto wenye upele. Zamani alikuwa anakapata upande wa kulia, hatua chache tu kutoka ku mulango wetu. Sasa alikuwa amemaliza miaka miwili bila kukaona, na upande wa ng'ombe hakuwa anatia muguu.

"Ng'ombe zilikula mpaka mizizi," alikuwa anasema, kwa maana kwake ng'ombe za huyu na za yule ni moja. "Zikaenda na dawa yangu mu tumbo."

Basi siku ya kuhesabu ilifika. Nilitaka kuanza upande wa ng'ombe. Lakini katikati ya kilima kuko wazi kama kiwanja cha mupira. Muntu yeyote mwenye kupita mu njia angeniona nimeinama kama aliyepoteza pete, na Papa wa Ng'ombe angekuja kuniuliza ninatafuta nini, na mimi ningelazimika kujibu. Kwa hiyo nikaruka lupango kule chini kabisa, kwenye vichaka, pembeni ya muvure. Muvure ni gogo lililochimbwa katikati. Kwingine watu wanakamulia ndani ndizi za kasiksi, ile pombe yetu, lakini huu Papa wa Ng'ombe anauwekea maji ya chumvi. Kila siku ya tatu ng'ombe wake wote wanashuka kulamba.

Niliweka kare yangu palepale, nikahesabu mbiombio. Aina tatu. Majani magumu yenye kulala chini, mumea mumoja wa miiba, na ule ambao hata mbuzi anaukataa. Katikati yake udongo mutupu na mavi.

Upande wa kulia nilipata tisa. Kule nilihesabu bila haraka, kwa sababu majani yalikuwa yananifika kifuani na hakuna aliyeniona.

Nikaandika na biki ya bluu: "Fasi ng'ombe wanakula, aina tatu. Fasi ng'ombe hawako, aina tisa. Ng'ombe wanamaliza majani." Profeseri akaandika chini yake "Très bien", vizuri sana, na biki nyekundu, halafu akasoma kazi yangu mbele ya wote. Nilitamani kuingia mu meza.

Ingeishia pale. Lakini papa yangu ni muntu anayefurahia masomo kuliko mimi mwenye kusoma. Alichukua kaye yangu ya kilasi, akaivunga mu sashe ya plastiki ili mvua isiiloweshe, akaenda kuionyesha chefu wa kilima, mukubwa wa kijiji chetu. Na mu kijiji mwetu mulikuwa watu waliokuwa wamekwisha kuitamani ile fasi ya kulima maharagi. Siwalaumu sana. Mashamba ni madogo na batoto ni wengi. Walikuwa wanatafuta neno tu, na mimi njo niliwapa neno.

Siku ya posho, ile yenye kutangulia yenga, tulikuwa na salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, tunatengeneza njia iliyobomolewa na mvua. Kazi ilipoisha, chefu alituambia tubaki. Papa akasoma kaye yangu, na sauti ya kusomea mu kanisa. Mimi nilikuwa nyuma ya mugongo wa mama, naangalia visigino vyake.

"Mumesikia," akasema baba mumoja. "Si mimi nimesema. Ni masomo."

Papa wa Ng'ombe alikuwa amesimama na jembe lake. Akauliza tu, "Alipima wapi?"

Watu walianza kunitafuta na macho. Mama akasogea kidogo ili mugongo wake unifunike vizuri.

"Alipima ku kilima," papa akajibu.

Chefu akasema salongo ijayo atakata neno. Kama ni kweli, ng'ombe watoke mbele ya mwezi wa tisa kufika, na kilima kigawanywe mashamba. Watu wakaanza kuondoka. Papa wa Ng'ombe alipopita karibu yangu alisimama, akatoa kofia.

"Mama profeseri," akaniambia, "ng'ombe zangu zinakusalimia."

Watu wakacheka. Na yeye alicheka. Hiyo njo iliniuma.

Mu juma ile mutoto wa jirani yetu akajaa upele mwili muzima. Koko akanituma upande wa kulia. "Utafute mpaka ndani," akasema. "Usirudi na mikono mitupu kama vile unarudiaka ku butiki." Kumbe alikuwa anajua.

Nikaingia mu majani marefu. Mara hii sikuangalia juu, nilipiga magoti nikafungua chini. Na chini hakukuwa kitu. Kulikuwa majani makavu ya mwaka uliopita, yamelaliana kama mukeka juu ya mukeka, yamelowa, yananuka kuoza. Chini ya ile mikeka, giza. Nilivuta kamumea kamoja kalikokuwa kanajaribu kutoka, kalikuwa karefu, kembamba, kenye rangi ya njano kama muntu aliyefungwa mu nyumba. Nikakumbuka ile hesabu yangu ya tisa. Tano kati yake zilikuwa hivi, karibu kufa. Nilizihesabu tu kwa sababu zilikuwa bado zinasimama.

Nilitafuta mpaka magoti yakaloa. Halafu mvua ikaja, ile ya kwetu isiyopiga hodi. Njia ya kurudia ilikuwa ya utelezi, basi nikapanda juu, nikapita ku tundu la lupango, nikajikuta upande wa ng'ombe, katikati ya kilima. Pale majani ni mafupi. Niliteleza, nikaanguka na mukono mbele, na mbele ya vidole vyangu kulikuwa kale kajani ka koko. Si kamoja. Kalikuwa kametambaa kila fasi, kwato za ndama ndogondogo, kati ya maua meupe, na maua ya njano, na majani ambayo sijue majina yake mpaka leo.

Nilibaki nimelala pale mu mvua. Nilikuwa ninaona vizuri sana nilichofanya.

Kesho yake nilirudi na kamba. Katikati kabisa, mu wazi. Watu walipita mu njia, wawili walisimama. Masikio yangu yalikuwa ya moto lakini niliendelea. Nilifika kumi na nane niliposikia redio inakaribia.

"Mama profeseri," Papa wa Ng'ombe akasema. "Umepoteza nini?"

"Nahesabu, Papa."

"Tena? Za kwanza hazikukutosha?"

Nikamuambia. Sikuweza kumuangalia, niliongea na bote zake. Nilimuambia nilihesabu kule chini, pembeni ya muvure, kwa sababu kule hakuna mwenye kuniona. Halafu alianza kucheka polepole, akaketi ku jiwe.

"Ni kama kuhesabu nywele za muntu ku kisigino," akasema, "halafu unaandika: huyu hana nywele."

Nikacheka, na machozi yalikuwa yanatoka wakati mumoja. Alijifanya hakuyaona, akageuza redio.

"Unaona," akasema, "pale chini zinasimama zote kungojea chumvi. Zinakanyagana, zinakojoa, kila siku ya tatu, miaka. Nini itaota? Lakini huku juu zinatembea. Ng'ombe haikate yote. Inachagua ile ndefu, inaacha ile fupi. Ile fupi inapata jua. Kesho ng'ombe iko fasi ingine. Lakini ukiziweka fasi moja sana, zinamaliza. Ile nayo ni kweli, siwezi kukataa. Muvure wangu njo mushahidi."

Tulihesabu pamoja zilizobaki. Yeye alikuwa anajua kila moja kwa vile ng'ombe anaila ao anaikataa. "Hii wanaipenda. Hii wanaipenda ikiwa changa. Hii ni ya kuharisha." Tulifika ishirini na moja.

"Utaisema?" akaniuliza.

"Nitaandika."

"Barua haifanye salongo, mama. Kule watu wanasikiaka mudomo."

Nyumbani nilianzia kwa mama. Mama yangu ni wa Walikale, kwenye pori kubwa, na wabibi wa hapa wanamutania mpaka leo, wanamuita mama wa pori. Alikuwa anamenya mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu.

"Ile najua," akasema. "Kwetu hatuna ng'ombe, lakini muti mukubwa ukianguka mu pori, jua linaingia, na pale njo tunaendaka kutafuta mboga na dawa. Chini ya miti yenye kufunga juu, utapata nini? Giza na majani yenye kuoza."

"Sasa ku kilima nani anaangusha muti?"

"Si ng'ombe? Meno yake njo muti wenye kuanguka kila siku." Akatupa muhogo mu maji. "Kamuambie papa yako mbele ya siku ya posho kufika. Usimufanyie kitu mbele ya watu bila yeye kujua."

Papa alikuwa anatengeneza mupini wa jembe. Nilipomaliza, aliangalia ule mupini muda murefu.

"Unataka nionekane mubongo, muntu wa kudanganya, mbele ya chefu?"

"Mubongo si wewe, Papa. Ni mimi."

"Profeseri ameandika Très bien. Na nyekundu."

"Profeseri hakufika ku kilima."

Akatoka nje na jembe lisilokuwa na mupini. Sikujua alikwenda kulifanyia nini. Nilimuhurumia. Ile kaye ilikuwa furaha yake, aliyoibeba mu sashe.

Asubui ya salongo nilipanda ku kilima na mupaushi wa papa, ule wa kuchimbia udongo. Nilikata kipande cha udongo na majani yake, ukubwa wa beseni, nikakiweka mu beseni ya mama na kukifunika na kitenge. Nilipanga hivi: sitaongea. Nitaweka beseni na watu wataona wenyewe. Kazi ya njia ikafanyika, chefu akaita watu, na mimi nikatembea mbele ya wote. Nikaiweka beseni ku magoti ya koko, aliyekuwa ameketi ku jiwe na wazee, nikatoa kitenge.

Macho ya koko hayaone vizuri. Lakini vidole vyake vilianza kutembea mu majani, polepole, kama anatafuta chawa mu kichwa cha mujukuu. Vikasimama. Akachuma kajani, akakaponda, akakanusa.

"Umeitoa wapi hii?"

Nilikuwa sijapanga kuulizwa.

"Umeitoa wapi, we mutoto? Nimeitafuta miaka miwili."

"Mu katikati ya ng'ombe," nikasema.

"Ongea na nguvu," akasema muntu nyuma. "Hatusikie."

"Mu katikati ya ng'ombe za Papa." Sauti ilitoka juu sana, kama ya kuku. Lakini ilikuwa imekwisha kutoka, basi nikaendelea. "Nilikosea. Nilihesabu pembeni ya muvure, ku fasi zinakanyaga. Katikati ni ishirini na moja. Na upande wa kulia, majani marefu yanaua yale mafupi. Dawa ya koko ilikufa kule kisha ng'ombe kwenda, si wakati walikuwa kule."

Chefu akaniangalia. "Na kwa nini ulihesabu ku muvure?"

"Nilikuwa na haya."

Walicheka, wote, mpaka wamama walioshika batoto. Papa wa Ng'ombe alicheka mpaka akashika redio isianguke. Koko akapiga beseni na mukono.

"Munacheka nini? Nani kati yenu alihesabu hata mara moja? Huyu alihesabu mara mbili."

Yule baba wa maharagi akasema, "Kwanza masomo yanasema ng'ombe watoke, sasa masomo yanasema wabaki. Tufuate masomo gani?"

Papa yangu njo alisimama. Nilifikiri anakwenda kunikana.

"Tufuate macho," akasema. "Chefu, kilima kiko pale. Twende tuone." Halafu akaongeza, chini kidogo, "Mimi nilisoma kaye bila kwenda kuona. Kosa hilo ni langu."

Tulipanda, labda watu makumi matatu, na majembe. Chefu alipiga magoti yake mwenyewe upande wa kulia, akafungua majani marefu, akaona giza. Akapiga magoti tena katikati ya ng'ombe. Halafu akashuka mpaka ku muvure, akasimama mu udongo mutupu, akamuangalia Papa wa Ng'ombe.

"Na hii?"

"Hii ni kosa langu," Papa wa Ng'ombe akasema.

Chefu alikata neno hivi. Ng'ombe wabaki. Muvure usilale fasi moja, kila mwezi uhamishwe. Na lupango ifunguliwe, ng'ombe waingie upande wa kulia majuma machache, wakate yale marefu, halafu watoke, kupumzisha majani. Wa maharagi hawakufurahi. Chefu aliwaambia ule mutelemko wa chini, karibu na njia, wanaweza kuulima, na mambo mengine yataongewa kisha mavuno. Najua bado yataongewa. Njaa yao nayo si ya uongo.

Kushuka, papa alibeba beseni. Tulifika ku mulango. Pale akaniuliza kama zile ishirini na moja niliziandika. Nikasema bado. "Andika," akasema, "na nitaenda kumuonyesha profeseri." Mama akakohoa. "Tutaenda kumuonyesha," akasema papa. "Wewe utaongea."

Mutoto wa jirani alioshwa ile jioni, na tena siku zilizofuata. Siku ya yenga bidon ya njano ilipita mbele ya nyumba yetu kama kawaida, inaelekea Lushebere.

Sasa ni mwezi wa nane. Muvure umehamishwa mara tatu. Ku ile fasi ya kwanza, nilirudi na kamba yangu, vijiti palepale, pembeni ya vichaka, na udongo umeanza kujifunika. Nilikuwa nimepiga magoti niliposikia muntu ananiita kutoka juu kabisa ya kilima, na mu njia kulikuwa wanafunzi wenzangu, wamama wa soko, na pikipiki mbili zilizokwama.

"Mama profeseri! Kisigino kinaota nywele?"

Wote waligeuka kuangalia upande wa vichaka nilikokuwa. Masikio yakawa ya moto, kama siku zote. Nilihesabu tena, kwa sababu sikutaka kukosea.

"Sita, Papa!" nikajibu, na nilisikika mpaka juu.